Kutoa ni Moyo: Jina la "Cœur" katika Historia ya Mji wa Shaba

1. Utangulizi

Methali isemayo "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri" hutenganisha mambo mawili ambayo wanadamu wamezoea kuyachanganya. Mali huhesabika, moyo hauhesabiki. Mwenye ghala tele aweza kumnyima jirani yake, na mwenye kibaba kimoja aweza kukigawa. Methali hii haidai kwamba mali si kitu. Yadai tu kwamba mali peke yake haitoi.

Makala haya yanachunguza jina ambalo kwa Kifaransa linabeba maana hiyo hiyo ya moyo, yaani "Cœur". Limeandikwa juu ya makanisa, shule, mashirika ya watawa, vyama vya hisani na migahawa ya maskini. Uchunguzi utaanzia Ufaransa, kisha utafuata njia ya jina hilo hadi Kamatanda na mji wa Likasi katika Katanga ya Juu, mahali ambapo shaba, reli, kanisa na lugha nyingi za Kibantu zilikutana. Swali ni la kihistoria na la kiisimu kwa pamoja: jina la moyo likisafiri kutoka lugha moja kwenda nyingine, je, moyo wenyewe husafiri nalo?

2. Asili ya jina

Ibada ya Moyo Mtakatifu wa Yesu ilikuwapo kabla ya karne ya 17, lakini umbo lake linalojulikana leo limefungamana na mtawa Marguerite-Marie Alacoque wa Paray-le-Monial, aliyesimulia maono aliyoyapata kati ya 1673 na 1675. Mwaka 1856 Papa Pius wa Tisa aliieneza sikukuu hiyo kwa Kanisa zima, na mwaka 1899 Papa Leo wa Kumi na Tatu akauweka ulimwengu wote chini ya Moyo Mtakatifu. Sikukuu huadhimishwa Ijumaa ya tatu baada ya Pentekoste.

Jengo lililolitangaza jina hilo kuliko yote ni basilika ya Sacré-Cœur juu ya kilima cha Montmartre, Paris. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1875, ujenzi ukamalizika mwaka 1914, na basilika ikatabarukiwa mwaka 1919 baada ya Vita Kuu. Ilijengwa kutokana na nadhiri iliyowekwa baada ya Ufaransa kushindwa na Prusia mwaka 1870. Lakini kilima hicho hicho ndipo ulipoanza uasi wa Komuni ya Paris tarehe 18 Machi 1871, uasi ambao ulizimwa kwa damu nyingi. Kwa hiyo tangu awali jengo hilo lilisomwa kwa namna mbili. Waumini waliona ndani yake toba na huruma. Wengi miongoni mwa wafanyakazi wa Paris waliona ndani yake ushindi wa waliowaua ndugu zao. Jina lilisema moyo, na kila upande ukauliza: moyo wa nani?

Ubelgiji nayo ilitaka basilika ya namna hiyo. Mwaka 1905 Mfalme Léopold wa Pili aliweka jiwe la msingi la basilika ya Moyo Mtakatifu huko Koekelberg, Brussels. Wakati huo huo mfalme huyo alikuwa bado mwenye mamlaka binafsi juu ya Dola Huru ya Kongo, na habari za ukatili wa ukusanyaji wa mpira zilikwisha enea ulimwenguni. Mwanahistoria hahitaji kuongeza neno. Tarehe hizo mbili zikiwekwa pamoja zajieleza zenyewe.

Jina hilo halikubaki katika dini pekee. Huko Marekani, katika jimbo la Idaho, wafanyabiashara wa ngozi waliokuwa wakisema Kifaransa waliwaita wenyeji "Cœur d'Alène", yaani moyo wa sindano ya kushonea ngozi, kwa sababu waliwaona kuwa wakali katika kupatana bei. Wenyeji wenyewe wana jina lao, Schitsu'umsh. Mji na ziwa vimebaki na jina la wageni. Mfano huu ni mdogo, lakini unatukumbusha kwamba "cœur" laweza kuwa sifa, na laweza pia kuwa lawama ya mnunuzi aliyekosa kupunguziwa.

3. Wamisionari wenye jina la moyo

Anayesoma historia ya umisionari wa Kikatoliki katika nchi za Waswahili hukutana na moyo karibu kila mahali. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, walikuwa wameungana mwaka 1848 na shirika la François Libermann lililojulikana kwa jina la Moyo Mtakatifu wa Maria. Hivyo watu wa moyo wa Maria walifika katika mji ambao jina lake lenyewe hufasiriwa kwa moyo. Wako wasemao kwamba Bagamoyo ni mahali ambapo wapagazi walibwaga moyo, yaani walitua mizigo na kupumzika. Wako wasemao kwamba ni mahali ambapo watumwa waliuacha moyo wao kabla ya kuvushwa bahari. Tafsiri zote mbili zina wafuasi, na zote mbili zatambua kwamba moyo ni kitu ambacho msafiri aweza kukipoteza njiani.

Kongo iliwapokea wengine. Shirika la Scheut, lililoanzishwa na Théophile Verbist mwaka 1862, jina lake kamili ni Shirika la Moyo Safi wa Maria. Mapadre wake walifika Kongo mwaka 1888, na mwaka 1891 Emeri Cambier akaanzisha misheni ya Mikalayi karibu na Luluabourg, katika nchi ya Kasai. Mapadre wa Moyo wa Yesu, shirika la Léon Dehon lililozaliwa Saint-Quentin mwaka 1878, walifika maporomoko ya Stanley mwaka 1897, mahali panapoitwa leo Kisangani. Mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba, wamisionari wengi wa shirika hilo waliuawa, pamoja na askofu wao wa Wamba, Joseph Wittebols. Masista wa Moyo Mtakatifu walifika Kongo mwaka 1927, na shule yao ya wasichana katika mji mkuu ilijulikana kwa vizazi kadhaa kwa neno moja tu: Sacré-Cœur.

Katanga ya kusini ilikabidhiwa Wabenedikto wa abasia ya Saint-André mwaka 1910, wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne. Shirika lao halikubeba jina la moyo, lakini ibada ilikuja nao, kama ilivyokuja na kila Mkatoliki wa wakati ule: Ijumaa ya kwanza ya mwezi, picha ya Yesu akionyesha kifua chake, na litania ya mwezi wa Juni.

4. Moyo, mutima na roho

Hapa isimu yapaswa kusema neno lake. Mji wa Likasi, ulioitwa Jadotville kwa heshima ya mhandisi Jean Jadot, ulikuwa mji wa wahamiaji. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliwakusanya watu kutoka pande zote: Wabemba na Walamba wa kusini, Waluba wa Katanga na wa Kasai, Wasanga, Watabwa, na baadaye Wanyarwanda na Warundi. Kiswahili, ambacho kilikuwa kimetangulia kufika Katanga pamoja na misafara ya karne ya 19, ndicho kilichokuwa lugha ya kazi na ya kambi. Edgar Polomé alikieleza Kiswahili cha Lubumbashi katika makala yake ya mwaka 1968, na Johannes Fabian akaonyesha baadaye jinsi mamlaka ya kikoloni yalivyohusika katika kuenea kwake.

Watu hao wote walikuwa na neno la moyo kabla ya kusikia "cœur". Wabemba husema "umutima", na Wanyarwanda vilevile. Waluba wa Kasai husema "mutshima". Kiswahili cha washairi wa pwani kimehifadhi neno la shina hilo hilo, "mtima". Ama neno "moyo", katika Kiluba cha Kasai lina maana ya uzima au uhai, na ndilo neno la salamu. Mtu wa Kasai akikutana na mwenziwe asubuhi humwambia "Moyo!", yaani humtakia uzima, naye hujibiwa kwa neno hilo hilo. Kwa hiyo katika mitaa ya wafanyakazi ya Likasi, neno ambalo pwani lataja kiungo cha kifuani na makao ya huruma, lilisikika kila siku kama salamu mlangoni.

Kiswahili cha Katanga kina pia njia yake. Mahali ambapo msemaji wa sanifu angetaja moyo, mtu wa Likasi aghalabu hutaja roho. Mchoyo na mwenye husuda ni mtu wa "roho mubaya". Pwani pia yaijua roho mbaya, lakini Katanga imeipa roho kazi nyingi zaidi. Matokeo yake ni kwamba mwalimu wa dini alikuwa na maneno mawili yaliyokaribiana mno: "Moyo Mtakatifu", ambao ni wa Yesu, na "Roho Mtakatifu", ambaye ni nafsi ya tatu ya Mungu. Kwa msikilizaji ambaye roho ndiyo moyo, tofauti hiyo ilihitaji kufundishwa kwa subira.

Jina la Kifaransa liliepusha utata huo kwa njia rahisi: halikutafsiriwa. Katika usemi wa kila siku mtu husema "niko naenda ku Sacré-Cœur", kwa kihusishi kile kile anachokitumia anapotaja Kamatanda au Kambove. Jina limekuwa mahali. Limepoteza maana ya moyo na kupata maana ya ukuta, lango na kengele. Ni jambo la kawaida katika historia ya majina, wala si kosa la mtu. Lakini tokeo lake si dogo: neno lililokusudiwa kutaja huruma likawa anwani.

5. Posho

Ikiwa moyo ulikuwa anwani, chakula kilikuwa nini? Kambi za Union Minière zilikuwa na jibu moja: posho. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliacha hatua kwa hatua kutegemea vibarua wa muda mfupi, ikaanza kuwakalisha wafanyakazi pamoja na wake na watoto. Unga, nyama au samaki, mafuta ya mawese na chumvi viligawiwa kwa kipimo kulingana na idadi ya watu wa nyumba. Zahanati, shule na kanisa vilisimama karibu. Mara nyingi wanahistoria wameita mpango huo ushirika wa serikali, kampuni na kanisa.

Posho ilishibisha. Asiyekubali hilo hawatendei haki wazee waliolelewa kambini, ambao wengi wao huikumbuka kwa shukrani. Lakini posho haikuwa kutoa kwa maana ya methali. Ilikuwa hesabu: mtu aliyeshiba huchimba zaidi, na mtoto aliyeshiba ni mfanyakazi wa kesho. Mnamo Desemba 1941, bei zilipopanda kwa sababu ya vita na mishahara isipande ipasavyo, wafanyakazi wa Jadotville na wa Elisabethville waligoma. Tarehe 9 Desemba askari waliwafyatulia risasi wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, na makumi ya watu wakafa. Siku hiyo ilidhihirika kwamba mkono unaopima unga waweza pia kupima risasi.

Jaribio la kuurudisha moyo baina ya watu lilitoka mahali pengine. Mfransisko Placide Tempels, ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitoka Elisabethville mwaka 1945, alianzisha mwaka 1953 pamoja na wafanyakazi wa mgodi wa Ruwe, karibu na Kolwezi, mwendo ulioitwa Jamaa. Mafundisho yake yalitolewa kwa Kiswahili cha Katanga, na maneno yake makuu yalikuwa ya maisha ya watu: uzima, uzazi, mapendo. Hapakuwa na jina la Kifaransa juu ya mlango. Padre na wachimbaji, waume na wake, walitakiwa kukutana kama watu. Yamkini hiyo ndiyo tafsiri ya karibu zaidi ya "cœur" ambayo Katanga imepata kuitunga.

6. Majina yanabadilishwa

Mwaka 1966 Jadotville ikawa Likasi, na Elisabethville ikawa Lubumbashi. Tarehe 1 Januari 1967 mali za Union Minière zikawa za taifa, na kampuni iliyozaliwa hapo ikaja kuitwa Gécamines. Mwaka 1971 nchi iliitwa Zaire, na Katanga ikapewa jina la Shaba, neno la Kiswahili, ambalo lilidumu hadi 1997. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalipigwa marufuku. Majina ya watakatifu juu ya milango ya shule nayo yakaondolewa. Sacré-Cœur ya Kinshasa ikawa Lycée Bosangani, kwa Kilingala, neno lenye maana ya umoja au kukutana. Huko Lubumbashi shule ya Mtakatifu Fransisko wa Sales ikawa Imara, kwa Kiswahili.

Mtu aweza kutarajia kwamba "Sacré-Cœur" lingebadilishwa likawa "Moyo". Haikuwa hivyo. Sera ya uhalisi haikutafuta tafsiri ya jina la dini, ilitafuta kulifuta. Mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 uliyarudishia makanisa usimamizi wa shule zao, lakini majina mapya mengi yalikwisha kuzoeleka. Hata hivyo wazee waliendelea kutumia majina ya zamani. Serikali yaweza kubadilisha ubao. Ulimi wa mama anayempeleka mtoto shuleni hubadilika kwa mwendo wake wenyewe.

7. Mgahawa wa moyo na kituo cha reli

Katika mwezi wa Septemba 1985 mchekeshaji wa Kifaransa Michel Colucci, ajulikanaye kwa jina la Coluche, alitangaza redioni wazo la kuwapa chakula bure watu wasio nacho. Migahawa hiyo ilifunguliwa Desemba, nayo ikaitwa "Restos du Cœur", yaani migahawa ya moyo. Katika majira ya baridi ya kwanza ilitoa milo milioni 8.5. Coluche alikwenda pia katika Bunge la Ulaya kuomba siagi na nyama zilizokuwa zimelundikana katika maghala ya Jumuiya. Alifariki katika ajali ya pikipiki tarehe 19 Juni 1986. Alikusudia kwamba migahawa hiyo iwe ya muda tu. Haikufungwa. Miaka takriban 40 baadaye hutoa zaidi ya milo milioni 100 kwa mwaka, na Ubelgiji nayo ina migahawa ya jina hilo. Miongoni mwa wanaopanga foleni humo wako wahamiaji kutoka Afrika.

Katika miaka hiyo hiyo ya katikati ya 1980, Gécamines ilikuwa bado ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia 1994 haikufika tani 50,000. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, mitambo ikachakaa, fedha zikakosa thamani, na mishahara ikachelewa. Posho, ambayo vizazi viwili vilikuwa vimeiona kama jua la asubuhi, ikaanza kukosekana.

Ndipo siasa ikatafuta wa kulaumiwa. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, kuwa Waziri Mkuu badala ya Nguza Karl-i-Bond wa Katanga. Vijana wa chama cha UFERI, ambacho mmoja wa viongozi wake, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, ndiye aliyekuwa gavana wa jimbo, waliwashambulia wakazi wenye asili ya Kasai. Likasi ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza. Mwaka 1993 ikafuata Kolwezi. Watu waliozaliwa Katanga, ambao baba zao waliletwa na kampuni yenyewe, waliambiwa warudi "kwao". Waliitwa "bilulu", yaani wadudu. Nyumba zilivunjwa au kuchukuliwa. Makumi ya maelfu ya watu walipiga kambi kwenye kituo cha reli cha Likasi wakingoja treni za kwenda Mwene-Ditu na Kananga, ambazo zilichelewa kwa majuma na miezi. Wengi walikufa kwa maradhi, kituoni na safarini, na wengi wa waliokufa walikuwa watoto.

Kwa mwanaisimu, jambo moja halina budi kutajwa. Watu hao ndio waliokuwa wakisema "Moyo!" kila asubuhi. Walipoondoka, salamu hiyo ilipungua katika mitaa ambayo ilikuwa imeisikia kwa zaidi ya miaka 50. Lugha iliyowapa majirani neno la uzima ndiyo iliyopewa neno la wadudu kwa ajili yao.

Chakula kililetwa pale kituoni na parokia na mashirika ya hisani, likiwamo Médecins Sans Frontières. Hakuna ubao ulioandikwa mgahawa wa moyo. Hata hivyo, kwa kipimo cha methali, huenda mahali hapo palistahili jina hilo kuliko pengi palipolichukua. Aliyewapikia waliofukuzwa hakuwa na hesabu ya tani wala ya kazi ya kesho. Waliokula hawangerudi kuchimba.

8. Hitimisho

Tangu 2015 Likasi na Kamatanda zimo katika jimbo la Katanga ya Juu. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi mwaka 2003 katika mpango ulioitwa wa hiari, na wachimbaji wadogo wakaingia katika machimbo kwa sururu na magunia. Mchimbaji wa leo hangoji posho. Hununua sahani ya bukari na sombe kwa mama wa malewa, kibanda cha chakula cha bei nafuu, na siku asipokuwa na fedha humwomba amkopeshe. Mama huyo hutazama sufuria yake, humtazama mteja, kisha huamua. Uamuzi huo hauna ubao wala shirika.

Historia iliyosimuliwa hapa haithibitishi kwamba jina la moyo ni unafiki. Wamisionari wa Wamba walikufa wakiwa wamelibeba, na mamilioni wameshiba kwa jina la Restos du Cœur. Inathibitisha jambo dogo zaidi: kwamba jina ni ahadi, na ahadi hudai kutimizwa upya katika kila lugha inayoipokea. Montmartre, Koekelberg na kambi za Jadotville zinaonyesha jinsi ahadi hiyo inavyoweza kusimama juu ya mlango ilhali ndani pana hesabu nyingine. Kituo cha reli cha Likasi kinaonyesha kwamba moyo waweza kuwapo bila jina.

Wanafunzi wa Kiswahili wa Katanga wana kazi mbele yao. Majina ya makanisa, shule, vyama na migahawa yao ni kumbukumbu isiyopungua thamani kuliko nyaraka za kampuni, nayo yanafutika kila ubao unapopakwa rangi upya. Wayaandike. Wanapoyaandika, waulize pia ni nani aliyekula ndani, ni nani aliyefungiwa nje, na ni salamu gani iliyosikika mlangoni.